Nyumbani kwa Simoni Mkoma



Katika sharika zetu nyingi, ibada ya Jumapili haimaliziki kwenye baraka. Kwaya hutangulia kutoka ikiimba, mchungaji hufuata, kisha waumini hutoka benchi baada ya benchi. Anayetoka humpa mkono mchungaji, akawapa mkono wote waliomtangulia, halafu naye husimama mwisho wa mstari kumsubiri wa nyuma yake. Mstari huzunguka uwanja mpaka karibu kila mtu ameshikana mkono na kila mtu. Ndipo mnada wa sadaka za vitu unapoanza: jogoo, trei ya mayai, mkungu wa ndizi, na muwa ulioletwa na mtoto, ambao wazee watashindania mpaka bei yake ipite ya jogoo.

Ukisimama kando siku moja ukatazama, utaona wapo wasioingia katika mstari ule. Wengine wana haraka zao, tuwaache. Lakini kuna mzee anayetokea mlango wa pembeni, mkono wa kulia ameutia ndani ya koti hata jua likiwa la utosi. Zamani aliugua ukoma. Alitibiwa akapona, vidole havikurudi. Hakuna aliyemfukuza mstarini wala aliyemsema vibaya. Ni yeye mwenyewe aliyejifunza, mwaka hata mwaka, kutuepusha na kule kusitasita, pale mtu anapouona mkono wake na kujiuliza aushike au asiushike. Anaubeba mzigo huo kwa niaba yetu, na wengi wetu hatujui kama unabebwa.

Usharika wako una mtu wa namna hiyo? Usijibu haraka.

Jumapili ya mwisho ya Januari ni Siku ya Ukoma Duniani. Raoul Follereau, Mfaransa aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatetea wagonjwa hawa, aliianzisha mwaka 1954. Kwetu hupita kimya, pengine kwa tangazo moja la redio. Naomba tukae nayo kidogo, wewe na mimi, kwa kuwa ukoma una jambo la kutuambia kuhusu kila mtu aliyesukumwa pembeni, hata yule ambaye ngozi yake haina alama yoyote.

Kwanza tumshukuru Mungu kwa yale ambayo hospitali imeyapatia jibu. Ukoma unasababishwa na bakteria, aliyegunduliwa na daktari Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norway, mwaka 1873. Si laana, wala hauji kwa sababu ya dhambi ya mama wa mgonjwa. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto, ambazo mgonjwa humeza kwa miezi 6 au 12 kulingana na hali yake, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote. Muda mfupi tu baada ya kuanza dawa, mgonjwa haambukizi tena. Zaidi ya asilimia 95 ya wanadamu wana kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huu, na haupatikani kwa kupeana mkono wala kwa kula sahani moja. Bado upo: mwaka 2023 waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 duniani, wengi wao India, Brazil na Indonesia. Hata hivyo dawa inatibu.

Yule mzee wa mlango wa pembeni alikwisha kumeza dawa zote hizo. Kadi yake ya matibabu ilifungwa miaka mingi iliyopita. Kinachomfanya aufiche mkono hakimo katika mwili wake.

Sura ya 13 ya Walawi inaeleza jinsi mwenye ukoma alivyotakiwa kuishi katika Israeli ya kale. Nguo zake zilikuwa za kuraruliwa, nywele hazifungwi, mdomo umefunikwa, na alipopita alipaza sauti kuwaonya watu kuwa yeye ni najisi. Makao yake yalikuwa nje ya kambi. Watu wale walikuwa na hofu ya kweli na hawakuwa na dawa, kwa hiyo tusiwahukumu upesi. Lakini hebu tumfikirie mtu mwenyewe. Sauti yake, ambayo zamani iliita watoto waje kula, sasa ilibaki na kazi moja tu, kuwafukuza watu. Ni miaka mingapi ilipita bila kiganja cha mtu mwingine kumgusa begani?

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyemjia Yesu katika sura ya kwanza ya Marko. Akapiga magoti, akasema kwamba Bwana akitaka anaweza kumtakasa. Hakuwa na shaka na uwezo wa Yesu. Alichokuwa hana hakika nacho ni kama anatakiwa. Mtu aliyekaa pembeni muda mrefu huwa hivyo: anaweza kuamini kwamba Mungu yupo na ana nguvu, akashindwa kuamini kwamba yeye mwenyewe anapendwa. Yesu angeweza kumponya kwa neno, akiwa amesimama mbali, kama alivyowafanyia wengine. Injili inasema alinyoosha mkono akamgusa. Alimgusa angali na ukoma wake, kisha ukoma ukamtoka.

Mwisho wa habari hiyo tunauruka mara nyingi. Yule mtu aliyeponywa alitoka akaanza kuitangaza habari, na kwa sababu hiyo Yesu hakuweza tena kuingia mji wowote waziwazi. Akawa anakaa nje, mahali pasipo watu. Unaona kilichotokea? Wamebadilishana mahali. Aliyekuwa nje sasa yumo ndani, na aliyekuwa ndani sasa yuko nje. Mwandishi wa Waebrania, sura ya 13, anaukamata uzi huohuo anapokumbusha kwamba Yesu aliteswa nje ya lango, na anatualika tutoke tumfuate hukohuko.

Wapo waliotoka. Mwaka uleule wa 1873 ambao Hansen alimwona bakteria kwa hadubini yake, padri Mbelgiji jina lake Damien De Veuster alishuka mwezi Mei katika kisiwa cha Molokai, Hawaii. Serikali ya kifalme ya huko ilikuwa ikiwapeleka wagonjwa wa ukoma kwenye rasi ya Kalaupapa tangu mwaka 1866, mahali penye bahari pande tatu na jabali refu mgongoni. Damien alikuwa na miaka 33. Aliwaosha vidonda, akajenga nyumba, akachonga majeneza kwa mikono yake, akawazika. Hayo huandikwa sana. Kwangu mimi kubwa zaidi ni hili: alikaa nao kula. Chakula cha watu wa Hawaii ni poi, uji mzito wa magimbi, na desturi yao ni kuchota kwa vidole katika chombo kimoja. Damien alichota pamoja nao.

Siku moja mwishoni mwa mwaka 1884 alitumbukiza miguu katika maji ya moto. Ngozi ikavimba malengelenge, naye hakusikia maumivu yoyote. Akajua. Alifariki tarehe 15 Aprili 1889, akiwa na miaka 49. Sista Marianne Cope, aliyekuja Molokai mwaka 1888, aliendeleza kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1918, na hakuugua kamwe.

Tusimame hapa kwenye maji ya moto, mpendwa. Watu wengi wanadhani ukoma hula vidole. Paul Brand, daktari mmisionari aliyezaliwa India mwaka 1914 na kufanya kazi katika hospitali ya Kikristo ya Vellore kuanzia mwaka 1946, aliwachunguza wagonjwa wake kwa uvumilivu mpaka akabaini jambo jingine. Bakteria hushambulia mishipa ya fahamu, na mkono ukipoteza hisia hauna tena wa kuulinda. Mama anainua sufuria ya moto jikoni na hajui kwamba anaungua. Mkulima anatembea na msumari ndani ya kiatu kutwa nzima. Brand aligundua hata kwamba usiku panya walikuwa wakiwatafuna wagonjwa vidole wakiwa usingizini, na hakuna aliyeamka. Wagonjwa wakapewa paka wa kulala nao. Viungo vilipotea kwa majeraha madogo madogo ambayo hayakuuma.

Tangu nilipolijua jambo hilo, siwezi kusoma sura ya 12 ya Wakorintho wa Kwanza kama zamani. Paulo anasema sisi ni mwili mmoja, na kiungo kimoja kikiumia vyote huumia nacho. Lakini mwili unaweza kupoteza hisia. Usharika unaweza kuwa na kwaya nzuri, paa jipya na hesabu safi, huku upande wake mmoja unaungua na kichwa hakijui. Binti aliyepata mimba akiwa shuleni haonekani tena kwaya ya vijana, na wiki tatu zinapita kabla mtu hajauliza. Kijana aliyetoka gerezani anakaa benchi la mwisho, na watu wanasogeza mikoba yao bila kufikiri. Ajuza wa kijijini mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi anaanza kunong'onwa kuwa mchawi, nasi tunanyamaza kwa kuwa hayatuhusu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Haikuuma tu.

Je, wewe bado unasikia? Nauliza kwa upole, maana hisia hazirudi kwa kukemewa. Mtu aliyepona ukoma lakini nyayo zake zikabaki na ganzi hufundishwa kazi ya kila siku: kulowesha miguu katika maji ya kawaida, kusugua ngozi ngumu taratibu, kupaka mafuta, na kuikagua miguu yake kwa macho, kidole kwa kidole, kwa kuwa haitamwambia ikiumia. Anafanya hivyo kila siku, maisha yake yote. Waumini wanaweza kujizoeza vivyo hivyo. Jioni, kabla ya kulala, pitisha macho juu ya majina. Ni nani sijamwona? Ni nani ambaye jina lake likitajwa chumba kinanyamaza? Kisha mwombee kwa jina lake, na kesho yake mtafute. Uaminifu wa namna hii hauna makofi, ila unaokoa viungo.

Huku kwetu Afrika Mashariki tumepewa mifano. Mama Kevin, sista Mfransisko kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1903, alianzisha vituo vya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga na Buluba. Buluba ndiko alikofanya kazi kwa miaka mingi daktari Wanda Błeńska, mlei kutoka Poland aliyefika Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alijulikana kwa kuwapima wagonjwa bila kuvaa glovu, mikono mitupu. Alikuwa daktari na aliijua hatari kwa kipimo chake sahihi. Alitaka wagonjwa waone, na ndugu zao waliosimama mlangoni waone, kwamba hakuna cha kuogopa. Aliishi miaka 103, akafariki mwaka 2014.

Mguso ule ni mwanzo. Kuna hatua nyingine, nayo nadhani ni ngumu zaidi kwetu sisi tunaopenda kusaidia.

Katika sura ya 26 ya Mathayo, siku chache kabla ya msalaba, Yesu yuko Bethania, ameketi mezani katika nyumba ya mtu anayeitwa Simoni mkoma. Injili haisemi Simoni aliponywa lini. Tunajua tu kwamba nyumba ni yake na Bwana ni mgeni. Kati ya nyumba zote za karibu na Yerusalemu, Yesu alikubali kukaribishwa katika hiyo, akala chakula chake, na humo ndimo mwanamke mwenye marhamu alimokuja kumpaka mafuta. Tunalikumbuka sana tendo la mwanamke yule, na ni haki. Simoni hatumtaji. Lakini bila mlango wa Simoni kufunguliwa, habari hiyo isingekuwa na mahali pa kutokea.

Nimekuwa katika misafara ya kwaya na vikundi vya kina mama kwenda kwenye makazi ya wazee, na katika baadhi ya makazi hayo wapo waliowahi kuugua ukoma, wakiishi na watoto na wajukuu wao. Unajua tunavyokwenda. Tunashusha sukari, sabuni, unga na mafuta ya kula. Tunaimba nyimbo mbili, tunaomba, tunapiga picha, tunapanda gari. Ni vizuri, sabuni ile inatumika na sukari ile inanywewa, Mungu awabariki waliochanga. Ila mara moja, tulipokuwa tunaagana, bibi mmoja alitoka chumbani kwake amebeba kikombe cha uji kwa viganja viwili visivyo na vidole, akakibana kifuani ili kisimwagike. Akasema, "Wanangu, msiondoke na koo kavu." Vijana wakatazamana. Mtu akaanza kusema kwamba tumechelewa, gari linasubiri. Mwalimu wa kwaya, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akasogea, akakipokea kile kikombe kwa mikono miwili, akaketi kwenye mkeka wa bibi, akanywa. Akaomba kingine. Basi na wengine wakaketi.

Bibi alicheka siku ile. Zawadi alikuwa amezipokea kwa shukrani, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyezoea kupewa. Uji ulipoanza kunywewa alinyoosha shingo, akaanza kuamuru: wewe sogea kivulini, wewe mwite mjukuu wangu alete bakuli. Alikuwa mwenye nyumba tena.

Baadaye maongezi yakafika kwa ndugu zake. Alipougua walimjengea kibanda mbali na nyumba, wakawa wanamwekea chakula juu ya jiwe, kisha siku moja hawakuja tena. Kijana mmoja, kwa uchungu wa ujana, akamuuliza kama amewasamehe. Bibi akafikiri. "Waliogopa," akasema. "Na mimi ningeogopa. Kaka yangu alipofariki nilimlilia hapahapa, sikuwa na nauli." Hakuongeza neno, akaulizia kama uji unatosha.

Mimi mchungaji nimehubiri msamaha mara nyingi, na nilikaa pale kama mwanafunzi. Tunapowaza huruma kwa walio pembeni, mara nyingi tunajiona sisi ndio wenye kutoa na wao wenye kupokea. Inawezekana kabisa kwamba msamaha tunaouhitaji zaidi, kwa ajili ya miaka yote ya kusitasita na ya milango ya pembeni, umeshikwa mkononi na watu hawa, nao wako tayari kutupatia. Tutaupokea vipi kama hatujawahi kuketi kwao?

Huenda wewe unayesoma ndiye uliye pembeni. Huenda ni ugonjwa, au talaka, au kifungo, au jambo la nyumbani ambalo mtaa mzima unalijua. Nakuandikia na wewe. Yule aliyepiga magoti mbele ya Yesu bila hakika kama anatakiwa alijibiwa kwa kuguswa kabla hajawa safi. Jibu lako ni hilohilo. Na kama umechoka kuwasamehe watu wanaokukwepa, pumzika. Mungu hakuhesabii uchovu huo. Mwambie unavyojisikia, hata kama ni hasira tupu.

Na wewe ambaye una mahali pako katika mstari, nina maombi mawili ya wiki hii. La kwanza ni la mwili. Ukiona nyumbani kwako au kwa jirani baka kwenye ngozi lililopauka au jekundu, lisilosikia likiguswa kwa pamba wala kwa ncha ya kijiti, mpeleke mwenye nalo kituo cha afya mapema, kabla mishipa haijaharibika. Msindikize, usimtume peke yake. Dawa hailipiwi.

La pili: chagua mtu mmoja ambaye hajawahi kuwa mwenyeji wako. Si lazima awe mbali. Pengine ni mlango wa tatu kutoka kwako. Mtembelee pasipo kamera wala msafara, na uwe na muda wa kutosha. Mwachie yeye aseme mkae wapi na muongee nini. Akikukaribisha chakula, mpendwa, kula.